Kiingereza ya kazi: tuanze na maneno yenye kulinda mwili na mushahara



Siku hizi mu Kolwezi, mu Likasi, mu Lubumbashi na mu Fungurume, matangazo ya masomo ya Kiingereza yanabandikwa kila fasi: ku nguzo za umeme, ku ukuta wa kanisa, ku mulango wa nyumba ya fotokopi. Vijana wanatoka kazini, kaske bado mukononi, wanaingia mu kalasi. Wanafanya muzuri. Lakini nimeangalia makaratasi yenye wanatoka nayo mule. Ni neno, maana, mufano. Neno, maana, mufano. "Apple", ni tunda, mufano: "I like apples." "Umbrella", ni mwavuli, mufano: "My umbrella is blue." Haiko vibaya kujua mwavuli. Lakini mutu mwenye kushuka chini ya udongo hana lazima ya mwavuli. Iko na lazima ya kujua redio inasema nini wakati inalala­mika: "Stand clear!"

Maoni yangu ni haya. Kiingereza tujifunze, na tusione haya. Lakini tuchague sisi wenyewe maneno ya kuanza nayo: kwanza yale yenye kulinda mwili, kiisha yale yenye kulinda mushahara. Mwavuli na matunda vitakuja nyuma. Na wakati tunajifunza, tusikubali mutu atuambie kama kujua Kiingereza ni deni ya mutumikaji peke yake.

Kuko watu wenye kusema: "Kiingereza ni lugha ya wageni, tuache, sisi tuko na Kifaransa yetu na Swahili yetu." Ninawaelewa, lakini wanasahau historia. Kiingereza haiko mugeni mu Katanga. Union Minière ilizaliwa mu 1906, na kati ya wenye waliiweka feza mulikuwa Waingereza wa Tanganyika Concessions. Reli ilifika Élisabethville mu 1910 ikitoka kusini, upande wa Rhodesia. Watumikaji wengi wa miaka ile walitoka kule kule, fasi yenye leo tunaita Zambia. Mababu zetu walisikia Kiingereza mbele ya wengi kusikia Kifaransa, na mupaka leo tunasema buku, bulangeti, motokari, bila kujiuliza maneno haya yalitoka wapi. Kiisha Kifaransa ikashika nguvu. Mu 1967 Serikali ikachukua Union Minière, kampuni yenye tulikuja kuita Gécamines, na Kifaransa ikaendelea. Nyuma ya Code minier ya 2002, makampuni ya inchi nyingine yakaingia kwa wingi, na Kiingereza ikarudia mu mashimo yetu. Leo hata kwa wakubwa Wachina, mara mingi karatasi ya mashini iko ya Kiingereza.

Munaona? Lugha ya mukubwa inabadilika kila wakati mwenye mali anabadilika. Mwili wenye kushuka chini haubadilike, ni ule ule wa mutoto wa hapa. Basi tujue lugha ya leo, juu ya kulinda mwili.

Sasa tuingie mu maneno yenyewe.

Hatari ya kwanza kwa sisi wenye tulisoma mu Kifaransa haiko maneno yenye hatujue. Neno lenye haulijue, utauliza. Hatari ni neno lenye unafikiri unalijua. Walimu wanaita maneno ya namna hii marafiki ya uongo. Yanafanana na ya Kifaransa ku macho, lakini mu tumbo iko kitu kingine.

Neno "hazard". Mutu wa Kifaransa anaona "hasard", bahati, kitu chenye kufika tu bila kupangwa. Mu Kiingereza ya kazi "hazard" ni kitu chenye kuweza kuumiza ao kuua: waya yenye ngozi imetoka, jiwe lenye limeachana na ukuta, mafuta yenye yamemwangika ku ngazi. Mufano: "Report every hazard to your supervisor." Maana yake: kila kitu chenye kuwa na hatari, umujulishe shefu wako. Haiko habari ya bahati hata kidogo.

Neno "injury". Kifaransa iko na "injure", tusi. Mwenye kusoma mbio "Report any injury before the end of your shift" anaweza kufikiri wanamuambia ashitaki mwenye kumutukana. Hapana. "Injury" ni kidonda, kuumia, hata kidole kimoja. Na hapa iko kitu ya maana sana: kama uliumia saa ine na haukuandikisha siku ile, kesho watakuambia uliumia kwako, ku mupira ao ku pikipiki. Basi jua neno hili, na uandikishe mbele posti yako haijaisha.

Neno "issue". Mu Kifaransa "issue" ni mulango wa kutokea. Tunaona "issue de secours" mu kila jengo. Mu Kiingereza, "issue" ni matatizo. "There is an issue with the brakes" maana yake: freni iko na shida. Usipande mu kamyo ile.

Neno "engine". Kwetu "engin" ni mashini nzima: kamyo, lodere, bulldozer. Mu Kiingereza "engine" ni motere tu. "Switch off the engine before you get down": zima motere mbele ya kushuka.

Kiisha kuko maneno mafupi yenye kugeuka maana kufuatana na fasi yenye yanakaa. Haya njo ya kujifunza kwa mufano mupaka yaingie mu damu. Chukua neno "clear". Mu kalasi watakufundisha kama "clear" ni kitu chenye kuonekana muzuri, sawa maji safi. Ni kweli. Lakini mu kariere, mbele ya kupiga baruti, utasikia "Clear the area!" Maana yake: tokeni wote hapa, mara moja. "Stand clear!" ni: kaa mbali. Na kiisha baruti kupigwa na wakubwa kuhakikisha, utasikia "All clear": hatari imeisha, munaweza kurudia. Neno ni lile lile. Moja linakufukuza, lingine linakuita. Mwenye kushika "clear" peke yake, bila mufano, anaweza kurudia wakati wengine wanakimbia.

"Fire" vilevile. Kila mutu anajua ni moto. Lakini mwenye kupiga baruti akilalamika "Fire in the hole!", haseme kama nyumba inawaka. Anasema baruti inaenda kupiga. Usikimbie kutafuta maji. Jifiche.

"Misfire" ni baruti yenye ilipashwa kupiga na haikupiga. Imebakia mu tundu, inangojea. "There is a misfire in this hole. Do not drill here." Usitoboe hapa. Ukisikia neno hili mu mabadilishano ya posti, usiitike tu kwa kichwa. Uliza tundu gani, mupaka wakuonyeshe kwa kidole.

Kwa watu wa umeme: "live" haiko habari ya maisha. "This cable is live" maana yake waya iko na umeme ndani. "Dead" ni waya yenye haina umeme. Lakini waya haiitwe "dead" juu mutu amesema. Inaitwa vile kiisha kupimwa. Na wakati wa kutengeneza mashini kuko maneno mawili yenye kutembea pamoja: "lock" na "tag", kadena na kibarua. "Use your own lock and keep your own key." Kila mutu kadena yake, na ufunguo mu mufuko wake mwenyewe. Watu tano wakitengeneza mukanda mumoja, kadena tano. Kadena ya rafiki hailinde mukono wako: yeye akimaliza kazi yake, ataitosha na kwenda kula, na mashini itawashwa wewe ungali ndani.

Tusisahau hesabu. Mu redio, "fifteen" na "fifty" zinafanana sana. Moja ni 15, ingine ni 50. Mita 15 ku baruti na mita 50, haiko umbali mumoja. Ndiyo maana wenye kujua kazi ya redio wanataja namba moja moja: "one five", "five zero". Hii haiombe diploma yoyote. Ekipi yote inaweza kuikubali asubuhi moja, na kuanza siku ile ile.

Kiisha mwili, mushahara. Na hapa ninaongea zaidi na bamama, juu mara mingi njo wao wenye kupanga franga za mwezi. Mama, wakati papa analeta karatasi ya mushahara, usiangalie tu namba ya chini. "Gross" ni mushahara mbele ya kukata. "Net" ni wenye kuingia mukononi. "Deduction" ni kila kitu chenye walikata, na kila mustari wa kukata unapashwa kuwa na sababu. "Overtime" ni masaa ya juu. Sheria ya kazi ya Kongo ya mwezi wa kumi 2002 imeweka mupaka wa masaa 45 kwa juma. Yenye kupita inalipwa na nyongeza. Kama papa alirudi usiku mwezi muzima na mustari wa "overtime" uko sifuri, iko kitu ya kuuliza. Na "leave" ni konje, lakini ni tena neno la kumuambia mutu aondoke. "You are on leave" ni: uko mu konje. "You must leave" ni habari ingine kabisa. Soma mustari muzima mbele ya kufurahi.

Neno "casual", mu mudomo wa kampuni, ni mutumikaji wa siku kwa siku. Unaweza kukaa "casual" miaka kama haujue haki yako. Sheria ile ile ya 2002 inasema mutu wa siku kwa siku akiisha kutumika siku 22 mu miezi mbili, wakimukamata tena mbele ya miezi ile mbili kuisha, anahesabiwa kuwa na kontra bila mwisho. Neno la Kiingereza ku badji yako haliwezi kufuta sheria ya inchi.

Rafiki ya uongo mwingine mu habari ya feza: "eventually". Kifaransa "éventuellement" ni labda. Kiingereza "eventually" ni mwishoni, siku moja. "The bonus will eventually be paid": bonisi italipwa, lakini siku gani? Hawajasema. Jibu lako liwe mufano mumoja mufupi: "On what date, please?"

Na sisi wadelege wa sendika tuko na letu. Tunazoea kuandika barua: tunaomba mukutano. Mutu anatafsiri "nous demandons" anaandika "We demand a meeting." Mu Kiingereza, "demand" ni kudai na ngumi ku meza. Mukubwa anasoma, anakasirika, na sisi hatujue kosa ni nini. Kuomba ni "request": "We request a meeting." Tuchunge "demand" kwa siku yenye tunataka kweli kudai. Siku ile haitakosa.

Ninafika ku makaratasi ya kutia sinyatiri. Nimeonyeshwa karatasi ya mutumikaji wa kampuni moja ya sutretansi. Alikuwa anafikiri ametia sinyatiri ya kukubali kwamba amepokea feza yake ya mwisho. Mule ndani mulikuwa neno "voluntary": alikuwa amekubali kama anaacha kazi kwa mapenzi yake. Neno moja lilikula haki za miaka. Basi tujue tofauti ya mambo mawili. "Received" ni nimepokea karatasi. "Agree" ni nimekubali yenye kuwa ndani. Kama wanakusukuma utie sinyatiri na haujafasiriwa, andika kando ya jina lako, mu Kifaransa ao mu Swahili: nimepokea, sijatafsiriwa. Kiisha omba kopi, uipeleke kwa delege siku ile ile.

Sasa kuko wakubwa wenye kufurahi wakisikia sisi tunasema "tujifunze Kiingereza". Wanasema: "Muzuri! Shida ya usalama ilikuwa lugha yenu tu." Hapo njo tutaachana nao. Katiba ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006 inasema lugha ya Serikali ni Kifaransa, na lugha za taifa ni Kikongo, Lingala, Swahili na Tshiluba. Kiingereza haimo. Mwenye kuja kuchimba mu udongo wetu, yeye njo anapashwa kufanya tumuelewe. Na mukataba wa kimataifa namba 176 juu ya usalama mu migodi, wenye ulipitishwa Geneva mu 1995, unasema wazi: mwenye kazi anapashwa kufundisha watumikaji juu ya usalama na kuwapa maagizo yenye kueleweka, bila wao kulipa hata franga. Mutu hatoe mu mushahara wake feza ya kusoma neno "danger" lenye kampuni yenyewe ilibandika ku mulango.

Basi tudai vitu vine, na tuvidai kwa sauti moja mu sendika zote.

Kwanza, kila agizo la usalama, kila kibao na kila kibarua cha mashini kiandikwe mu Kifaransa na mu Swahili kando ya Kiingereza. Rangi na mubao haviko bei kali kwa kampuni yenye kununua kamyo ya tani mia.

Pili, masomo ya Kiingereza ya kazi yatolewe mu masaa ya kazi, yenye kulipwa, na yaingie kwa watu wa sutretansi vilevile. Jiwe likianguka haliulize badji ni ya kampuni gani.

Tatu, kontra ao karatasi ya kuacha kazi isitiwe sinyatiri siku yenye inatolewa kama iko mu Kiingereza peke yake. Mutumikaji aende nayo kwake, aisome na delege wake.

Ine, mutumikaji mwenye kusema "I do not understand" asiazibiwe. Leo wengi wanaitika "yes, yes" kwa woga ya kuonekana wajinga, na kiisha wanaenda kubahatisha. Mukubwa wa kweli anapashwa kuogopa "yes" ya namna ile kuliko swali. Kuuliza si ujinga.

Na sisi wenyewe tusingojee kampuni. Kila ekipi iwe na buku moja. Kwa kila neno, mistari mitatu: neno lenyewe, maana yake mu Swahili yetu, na mufano mumoja wenye kutoka mu kazi yetu, hauko wa mwavuli. Maneno tano kwa juma, kwa mwaka ni 260. Yasomwe kwa sauti, juu hatari haikuje na maandishi, inakuja kwa masikio. Kama uko na mutoto mu sekondari, umuulize akusaidie kusoma. Haiko haya kwa papa kufundishwa na mutoto wake, na mutoto atajua kazi ya papa ni ya namna gani. Na mwenye kuhama ekipi aachie wengine buku, asiende nayo.

Kama mwezi huu haupate nafasi ya kujifunza kitu kingine, shika mifano hii mine, uiseme mupaka mudomo uzoee: "Stop. It is not safe." Simama, hapa kuko hatari. "I do not understand. Please repeat slowly." Sijaelewa, rudilia polepole. "Who has the key?" Ufunguo uko na nani? "I want this paper in French." Ninataka karatasi hii mu Kifaransa.

Mukataba ule wa Geneva unasema tena kama mutumikaji iko na haki ya kutoka fasi yenye anaona, kwa sababu ya kweli, hatari kubwa. Haki ile inaanza na neno moja lenye linapita mu lugha zote, na kila mukubwa, Muzungu ao Mushina, analielewa: "Stop." Tulijue, tulitamke bila kutetemeka, na mwenzetu akilisema, sisi wote tusimame pamoja naye.